Lewiston: mji mdogo wa Marekani, tuusome kwa hesabu zake

Karibu kila kusanyiko letu huku mashariki lina familia yenye mtoto, shangazi au mjomba aliyekwenda Marekani. Wengine walitoka katika kambi za Burundi, Rwanda, Uganda au Tanzania kwa mpango wa kuhamisha wakimbizi. Wengine walipita njia ndefu ya Brazil na misitu ya Panama. Tukiulizwa wako wapi, tunajibu tu: "Wako Marekani." Na tukisema hivyo, tayari tunafikiri fedha. Kanisa likitaka mabati, majina yao yanatajwa. Mtoto wa ndugu akikosa minervale, simu inapigwa kwao. Simu isipojibiwa, maneno yanaanza: amesahau kwao, moyo wake umekuwa mgumu.

Lakini hakuna mtu anayeishi "Marekani" tu. Mtu anaishi katika mji fulani, penye kazi za namna fulani, mishahara ya kiasi fulani na nyumba za bei fulani. Basi tumeona vema kuchukua mji mmoja mdogo na kuusoma kwa utulivu: watu wake ni wangapi, walitoka wapi, wanaishi kwa kazi gani, na mshahara wa mwezi unakwenda wapi. Tumechagua Lewiston, katika jimbo la Maine, kwa sababu watu wetu wako huko, na kwa sababu historia yake inaonyesha wazi jinsi mji unavyokua, unavyoanguka na unavyoinuka tena.

Mji uko wapi na una watu wangapi

Maine ni jimbo la pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, linapakana na Kanada. Ni nchi ya misitu, mito na baridi kali. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta jimbo zima lina watu 1,362,359. Lewiston ilikuwa na watu 37,121. Kwetu hiyo ni idadi ya mtaa mmoja tu wa mji mkubwa, lakini huko Lewiston ni mji wa pili wa jimbo, baada ya Portland wenye watu 68,408. Ng'ambo ya mto Androscoggin kuna mji wa Auburn wenye watu 24,061. Watu wa pale huihesabu miji hiyo miwili kama mapacha.

Wazee wetu wanaokumbuka pigano la Muhammad Ali na George Foreman kule Kinshasa, mwaka 1974, huenda wakapenda kujua kwamba Ali alipita Lewiston kwanza. Tarehe 25 Mei 1965 alimwangusha Sonny Liston katika raundi ya kwanza, ndani ya jumba la mchezo wa barafu la mji huo. Watazamaji walikuwa 2,434 tu. Mashindano ya ubingwa wa dunia, na watu hawajai hata uwanja mdogo! Hivyo ndivyo Lewiston ulivyo: mji mdogo ambao mambo makubwa huupitia.

Mto, pamba na watu kutoka Kanada

Mji ulizaliwa kwa sababu ya maporomoko ya maji. Katikati ya miaka ya 1800, matajiri kutoka Boston waliona kwamba maji ya Androscoggin yanaweza kuzungusha mashine za kusokota nyuzi na kufuma nguo. Wafanyakazi kutoka Ireland walichimba mifereji ya kupeleka maji hadi kwenye viwanda. Kiwanda kilichojulikana kuliko vyote kiliitwa Bates, kwa jina la tajiri Benjamin Bates. Mwaka 1860 mji ulikuwa na watu 7,424. Miaka kumi baadaye walikuwa 13,600.

Pamba yenyewe haikulimwa Maine, kwa maana baridi hairuhusu. Ilitoka majimbo ya kusini, na mpaka vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865 ililimwa kwa mikono ya watumwa Weusi. Ni jambo la kukumbuka, kwa kuwa mji huohuo ulikuwa na Wakristo waliopinga utumwa. Mwaka 1855 Wabatisti wa kundi la Freewill walianzisha hapo shule ambayo leo ni chuo cha Bates. Tangu mwanzo ilikubali wanawake na watu Weusi. Benjamin Mays, mtoto wa wazazi waliozaliwa utumwani, alimaliza masomo yake hapo mwaka 1920. Baadaye aliongoza chuo cha Morehouse kule Atlanta, na huko akawa mlezi wa kiroho wa kijana aliyeitwa Martin Luther King. Fedha ya tajiri wa pamba ilikisaidia chuo kile, na ndiyo maana chuo kina jina lake. Mema na mabaya yalikaa katika nyumba moja.

Viwanda vilipozidi kutafuta watu, wafanyakazi walikuja kutoka Quebec, sehemu ya Kanada inayosema Kifaransa. Huko mashamba yalikuwa yamechoka na familia zilikuwa na watoto wengi. Mwaka 1874 reli iliunganisha Lewiston na njia ya kwenda Kanada, na watu wakashuka kwa maelfu, familia kwa familia. Walijazana katika nyumba za mbao za orofa tatu na nne karibu na mto, katika mtaa ulioitwa Kanada Ndogo. Walijenga makanisa yao ya Kikatoliki, shule zao na gazeti lao la Kifaransa. Masista kutoka Quebec walianzisha hospitali.

Hawakupokelewa kwa furaha na kila mtu. Walidharauliwa kwa lugha yao, dini yao na wingi wa watoto wao. Mwaka 1919 jimbo la Maine lilitoa sheria iliyokataza kufundisha kwa Kifaransa katika shule za serikali, isipokuwa kama somo la lugha ya kigeni. Katika miaka ya 1920 kundi la Ku Klux Klan, tunalolijua kwa kuwatesa Weusi wa kusini, lilipata wafuasi wengi kule Maine, na chuki yao iliwaelekea zaidi Wakatoliki na wasema Kifaransa. Watoto wengi walikua wakiionea haya lugha ya mama zao.

Viwanda vinafungwa

Mji uliendelea kukua hadi karibu mwaka 1970, ulipokuwa na watu zaidi ya 41,000. Lakini ugonjwa ulikuwa umeanza zamani. Kazi ya kufuma nguo ilikuwa inahamia majimbo ya kusini, karibu na pamba na penye mishahara ya chini. Kisha ilivuka bahari kwenda nchi nyingine. Viwanda vya viatu vya Auburn navyo vilidhoofika. Wazee wa Kalemie waliokiona kiwanda cha Filtisaf kikifanya kazi na kisha kikinyamaza wanaelewa jambo hili bila maelezo mengi.

Mwaka 1992 serikali ya mji ilijikuta inamiliki majengo ya kiwanda cha Bates, kwa sababu kodi hazikulipwa. Mwaka 2001 kufuma kulikoma kabisa. Vijana walikuwa wameondoka kutafuta kazi Portland, Boston na mbali zaidi. Hesabu ya watu ya mwaka 2000 ilikuta 35,690 tu. Katika miaka thelathini mji ulikuwa umepoteza watu zaidi ya 5,000.

Mji ukipungua watu, hasara haiishii kwa wale walioondoka. Duka linakosa wateja na linafungwa. Nyumba zinakaa tupu na paa zinavuja. Darasa lenye watoto kumi linahitaji mwalimu kama lenye watoto ishirini. Kodi zinapungua, lakini barabara ni zilezile na mabomba ya maji ni yaleyale. Waliobaki wanazeeka pamoja.

Wageni wapya wanafika

Mwanzoni mwa 2001 familia za Kisomali zilianza kufika. Serikali haikuwapeleka Lewiston. Walikuwa wamewekwa kwanza katika miji mingine, kama vile Clarkston karibu na Atlanta, nao wakatafuta mahali pa usalama zaidi. Waliona Lewiston kuna nyumba tupu za bei nafuu, shule nzuri na mitaa tulivu. Waliotangulia waliwaita wenzao kwa simu, kama Wakanada walivyoitana kwa barua.

Katika miezi ishirini hivi wakafika zaidi ya elfu moja. Hilo ni jambo kubwa kwa mji ambao mwaka 2000 zaidi ya asilimia 95 ya watu wake walikuwa Wazungu. Oktoba 2002 meya wa wakati huo aliandika barua ya wazi kwa wazee wa Wasomali akiwaomba wapunguze kasi ya kuja, kwa kuwa mji umelemewa. Barua ile iliwaumiza wengi na ikasikika nchi nzima. Kundi dogo la wabaguzi wa rangi kutoka nje likaitisha mkutano Lewiston tarehe 11 Januari 2003. Walikusanyika watu wachache. Siku ileile, katika chuo cha Bates, maelfu ya wenyeji walikusanyika kusema kwamba wageni ni majirani zao.

Baada ya Wasomali walifuata watu wa Sudani, Djibouti, Burundi, Rwanda, Angola na Kongo. Mwaka 2019 mamia ya waomba hifadhi, wengi wao Wakongomani na Waangola waliopita Amerika ya Kusini, walifika Portland kwa majuma machache, hata wakalazwa katika ukumbi wa michezo. Portland ilipojaa na nyumba zikapanda bei, baadhi yao walisogea Lewiston.

Hapo jambo zuri likatokea. Wazee wa Lewiston waliokuwa wamekaribia kusahau Kifaransa cha utoto wao walikutana na Waafrika wanaosema Kifaransa. Wengine walianza kukaa pamoja kuzungumza. Lugha iliyokatazwa shuleni mwaka 1919 ilirudi mdomoni kwa msaada wa watu kutoka Afrika.

Leo ni akina nani wanaoishi hapo

Kwa hesabu ya 2020, zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi katika Lewiston ni Mweusi. Kwa jimbo la Maine hilo ni jambo la ajabu, maana Maine ni mojawapo ya majimbo yenye Wazungu wengi zaidi kwa asilimia.

Umri ni jambo la pili. Maine ndilo jimbo lenye watu wazee kuliko yote Marekani. Ukiwapanga watu wake wote kwa umri, yule wa katikati kabisa ana miaka kama 45. Kwetu Kongo, yule wa katikati bado ni kijana wa shule. Kwa zaidi ya miaka kumi sasa, wanaokufa Maine kila mwaka wanazidi wanaozaliwa. Bila watu wa kutoka nje, jimbo lingepungua. Lewiston ni kijana kidogo kuliko jimbo lake, na sababu kubwa ni familia za wageni zenye watoto. Shule nyingi za Maine zilipungua wanafunzi. Za Lewiston ziliongezeka.

Jambo hilo lilionekana hata uwanjani. Mwaka 2015 timu ya mpira ya shule ya sekondari ya Lewiston ilichukua ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, bila kufungwa mechi hata moja. Wachezaji wake wengi walizaliwa Somalia, Kenya na Kongo, ama katika kambi za wakimbizi. Mwaka 2019 msichana Msomali wa miaka 23, Safiya Khalid, alichaguliwa katika halmashauri ya mji. Mwaka 2022 Mana Abdi, naye wa asili ya Kisomali, alichaguliwa na watu wa Lewiston kuingia katika bunge la jimbo.

Tusifiche huzuni pia. Tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliua watu 18 katika sehemu mbili za starehe mjini humo. Mji mdogo namna hiyo, karibu kila mtu alimjua aliyefiwa. Familia zilizokimbia bunduki za kwetu zilijifungia ndani siku mbili, hadi mwuaji alipokutwa amekufa.

Watu wanaishi kwa kazi gani

Viwanda vya nguo havikurudi. Majengo ya Bates yamegawanywa kuwa ofisi, migahawa na nyumba za kupanga. Kazi nyingi za leo ni za kuhudumia watu. Hospitali mbili kubwa, Central Maine na St. Mary's, ni waajiri wakuu. Katika mji wa wazee, nyumba za kutunzia wazee hazikosi nafasi ya kazi, na wanawake wengi kutoka Afrika huanza humo: kuosha wagonjwa, kuwalisha, kuwageuza kitandani usiku. Kuna ghala kubwa la Walmart ambamo mizigo hupakiwa usiku na mchana, na kuna kiwanda cha L.L. Bean kinachotengeneza sehemu za viatu vya mvua. Kuna chuo, benki, shule, maduka, na kazi za usafi.

Hizi ni kazi halali na za heshima, lakini nyingi hazilipi sana. Mapato ya nyumba ya katikati katika Lewiston, yaani mishahara yote ya nyumba moja kwa mwaka, yanazidi kidogo dola 50,000, chini ya yale ya jimbo zima. Zaidi ya mtu mmoja kati ya saba anahesabiwa kuwa maskini kwa kipimo cha Marekani. Katikati ya mji, katika mitaa yenye majina ya miti, umaskini ni mzito zaidi. Nyumba za humo ni zilezile za mbao za wakati wa viwanda. Nyingi zina rangi ya zamani yenye madini ya risasi, ambayo mtoto akiimeza au akivuta vumbi lake huharibu akili yake. Lewiston umekuwa na watoto wengi wenye sumu hiyo mwilini kuliko sehemu nyingi za Maine. Mwaka 2021 serikali ya Marekani iliupa mji dola milioni 30 kwa kujenga upya mtaa ule.

Mwalimu wetu aliyefundisha kemia miaka kumi, au muuguzi mwenye diploma ya huku, mara nyingi huanzia chini kabisa. Diploma yake haikubaliwi moja kwa moja. Anatakiwa Kiingereza, mitihani na fedha za mitihani.

Hesabu ya mwezi mmoja

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa. Mwaka 2025 mshahara wa chini unaoruhusiwa na sheria ya Maine ulikuwa dola 14.65 kwa saa. Mtu anayesikia hivyo huku anapiga hesabu haraka na kushangaa. Tupige hesabu yote hadi mwisho.

Saa 40 kwa juma, majuma yote ya mwaka, ni karibu dola 2,540 kwa mwezi. Serikali hukata kwanza, kabla mtu hajashika fedha mkononi: kuna makato ya uzeeni na ya matibabu ya wazee, ambayo ni asilimia 7.65, na kodi ya mapato kulingana na ukubwa wa familia. Tuseme zinabaki dola 2,200.

Nyumba ya vyumba viwili vya kulala, kwa mtu anayeitafuta leo, mara nyingi hupita dola 1,200. Zile nyumba tupu za bei nafuu zilizowavuta Wasomali mwaka 2001 zimekwisha. Baada ya 2020 watu wengi walihamia Maine na kodi za nyumba zikapanda. Zinabaki kama dola 1,000.

Humo mtu atoe umeme na moto wa kupasha nyumba. Baridi ya Januari hushuka chini ya sifuri kwa nyuzi kumi na zaidi, na nyumba nyingi za Maine hupashwa kwa mafuta yanayonunuliwa. Atoe gari, kwa maana mabasi ni machache na kazi za usiku haziyangoji. Gari lina mafuta, na bima yake ni lazima kwa sheria. Atoe chakula, simu, nguo za baridi za watoto. Na kuna deni ambalo wengi huku hawalijui: mkimbizi anayepelekwa Marekani kwa mpango wa serikali hupewa tiketi ya ndege kwa mkopo. Miezi michache baada ya kufika huanza kuilipa, kila mwezi, kwa miaka kadhaa. Familia ya watu wanane ina tiketi nane.

Kwa hiyo dola 100 anazotuma ni karibu saa saba za kazi kabla ya makato. Ni usiku mzima wa kugeuza wagonjwa. Watu wawili wakifanya kazi katika nyumba moja, mzigo unapungua. Mama mwenye watoto wadogo akiwa peke yake, hesabu haifiki mwisho wa mwezi.

Mwomba hifadhi, yaani yule aliyefika mwenyewe na kuomba akubaliwe, yuko katika hali ngumu zaidi. Kwa sheria hawezi kupata ruhusa ya kazi mpaka siku 180 zipite tangu alipopeleka ombi lake, na kuandika ombi lenyewe bila mwanasheria huchukua muda. Miezi hiyo yote hana haki ya kufanya kazi, hata kama kazi zipo na waajiri wanamtaka. Maine humsaidia kwa mpango wa jimbo unaolipa mwenye nyumba na duka moja kwa moja. Mji hutoa, na jimbo huurudishia asilimia 70. Ukimwomba mtu huyo fedha, unamwomba asiyeshika fedha.

Je, wageni ni mzigo au ni faida?

Swali hili linaulizwa Lewiston tangu 2001, na watu wenye nia njema wako pande zote mbili. Ukweli una sehemu mbili zinazofuatana kwa wakati. Mwanzoni wageni ni gharama: walimu wa Kiingereza, wakalimani hospitalini, kodi za nyumba, na mji wenyewe si tajiri. Meya wa 2002 hakutunga gharama ile. Kosa lake lilikuwa kuiandika kana kwamba mgeni hana kingine anacholeta. Miaka inapopita, mtoto wa shule anakuwa muuguzi, mama wa usafi anafungua duka, nyumba tupu inapata mpangaji, naye anayelipwa anakatwa kwa ajili ya uzee wa wazee wa Quebec waliokuwa wageni kabla yake. Wa kwanza kulipa na wa kwanza kuvuna hawawi watu walewale sikuzote, ndiyo sababu ubishi hauishi.

Hesabu za watu zenyewe zinasema: kutoka 35,690 mwaka 2000, mji ulifika 36,592 mwaka 2010, kisha 37,121 mwaka 2020. Ni ongezeko dogo. Lakini kabla ya hapo ulikuwa umepungua kwa miaka thelathini mfululizo.

Nasi tufanye nini na hesabu hizi?

Kwanza, familia zetu zizungumze na walio huko kwa kuuliza kabla ya kuomba. Unafanya kazi saa ngapi? Ruhusa ya kazi umepata? Deni la tiketi limeisha? Mtu akiulizwa hivyo hujua kwamba kwao wanamwona, na mara nyingi atasema mwenyewe anachoweza. Wako wanaoacha kujibu simu kwa aibu ya kukosa, na sisi tukawahukumu kuwa na kiburi.

Pili, wachungaji na wazee wa makanisa wapange miradi kwa nguvu zilizopo hapa, na kile kitakachotoka ng'ambo kipokewe kama nyongeza. Kanisa lisilojengwa mpaka dola zifike linaweza kukaa bila paa miaka mingi.

Tatu, anayetaka kuuza kiwanja cha familia ili kijana aende, ajue mlango ulivyo leo. Katika mwaka wa bajeti wa Marekani ulioishia Septemba 2024, Kongo ndiyo iliyotoa wakimbizi wengi kuliko nchi nyingine zote, karibu 20,000. Januari 2025 serikali mpya ya Marekani ilisimamisha mpango ule, na watu waliokwisha kupata tarehe za ndege walirudishwa kungoja. Anayekuambia leo kwamba ana njia ya hakika kwa fedha yako, muulize maswali mengi, tena mbele ya mashahidi.

Nne, tuwaangalie wageni wetu wenyewe. Makanisa yetu yamejaa waliohamishwa na vita kutoka vijiji na maeneo mengine. Nao wanafika mikono mitupu, watoto wengi, lugha tofauti. Nasi tunalalamika kwamba maji, shule na vyumba havitoshi, na ni kweli havitoshi. Lewiston ulilalamika hivyohivyo. Kisha watoto wa waliolalamikiwa wakauletea mji kombe, wakaingia hospitalini wakiwa wauguzi, wakaketi katika halmashauri. Gharama ya leo tunaihesabu kwa urahisi, kwa kuwa inatuuma. Tujifunze kuhesabu na mtoto aliyeketi nyuma ya darasa, bila kiatu, ambaye bado hajui kusoma jina lake.